Waya wa Kuanikia Nguo

Kila asubuhi kabla ya shule Nasma alifagia ua, akawafungulia kuku, kisha akaanika nguo ambazo mama yake alikuwa amezifua alfajiri. Walikaa Makorora, mjini Tanga, mahali ambapo nyumba zimebanana kiasi kwamba ukikaanga samaki, jirani anajua ni samaki gani. Nasma alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwembamba na mwepesi wa miguu. Alisoma darasa la sita pamoja na Consolata, mtoto wa mama Ruthi wa nyumba ya pili.

Siku hizo ua wao ulinuka petroli. Harufu iliingia kwenye nguo na kwenye mashuka, na mama aliposonga ugali alilazimika kufunga mlango wa jiko. Ilitoka kwenye gari la mjomba Sele.

Sele alikuwa mdogo wake mama. Alihamia kwao baada ya kuacha kazi ya utingo, akaja na gari dogo kuukuu alilolipata kwa mtu aliyekuwa amelichoka. Wakati huo mafuta yalikuwa yamepanda bei na madereva wote wa Tanga walikuwa wakinung'unika. Sele hakunung'unika. Alisema atawafundisha watu kutembea kwa harufu ya petroli tu.

Alianza kulipunguza gari. Aling'oa viti vya nyuma, akang'oa mazulia, spea tairi na jeki. Mikanda ya viti aliikata kwa kisu. Kioo cha pembeni upande wa abiria alikitoa, akasema kinakamata upepo. Chini ya gari alifunga bati ili upepo uteleze, na magurudumu aliyafunika kwa vipande vya mapipa ya plastiki. Matairi aliyajaza upepo mpaka yakawa magumu kama mawe.

"Hilo si gari, ni sufuria lenye matairi," mama Ruthi alimwambia siku moja akipita na ndoo ya maji.

"Sufuria hili, mama Ruthi, linafika Muheza kwa mate," Sele alijibu. "Wewe gari lako liko wapi?"

"Mimi nina miguu. Miguu haihitaji bati."

Watu walicheka, na Sele akacheka kuliko wote. Alipenda kuchekwa kwa namna ile, maana aliyekucheka leo, Ijumaa atakuja kukutazama.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya maonyesho. Baada ya swala ya alasiri, vijana walijaa kwenye uwanja wa Mabawa. Rafiki yake Sele aitwaye Bryson, dereva wa bodaboda, alishika simu akapiga picha za video huku akitangaza kama mtangazaji wa mpira. Gari la Sele lilikuwa la zamani, la kabureta, na yeye alikuwa ameukata mpira wa tangi. Badala yake aliweka chupa ya soda, ile ya plastiki inayoonyesha ndani, akaifunga juu karibu na kioo cha mbele, na mpira mwembamba ukatoka kwenye chupa kwenda kwenye injini. Kila mtu aliweza kuona petroli ikishuka. Hilo ndilo lilikuwa tamasha lenyewe: gari zima likiishi kwa chupa moja.

Ufundi wake aliuita kuelea. Alikanyaga mafuta mpaka gari likachanganya mwendo, kisha akatoa gia na kuzima injini. Gari likateleza lenyewe, kimya kabisa. Lilipoanza kuchoka aliliwasha tena. Nasma alikaa kiti cha mbele, kazi yake kusoma chupa.

"Robo tatu," alipaza sauti dirishani. "Nusu. Chini ya nusu."

Watoto wa Mabawa walimwita Msoma Chupa. Shuleni hata wanafunzi wa darasa la saba walimjua kwa jina hilo. Nasma alilipenda, ila hakuupenda ule ukimya. Gari lenye injini inayonguruma unalisikia likija. Gari la mjomba lilikuja kama kitu kisicho na mwenyewe.

Ijumaa moja lilimkanyaga bata wa jirani. Bata alikuwa katikati ya njia, akijisafisha manyoya, na hakugeuka hata shingo. Sele alikanyaga breki, akakanyaga tena, na Nasma aliuona mguu wake ukitetemeka kama mtu anayesukuma jiwe. Gari lilisimama mbele sana ya pale lilipotakiwa kusimama.

"Bata kiziwi huyo," Sele alisema, na watu wakacheka. Nasma alitazama manyoya yaliyonasa kwenye bati, hakucheka.

Sele alimlipa mwenye bata, lakini hakujiuliza kwa nini gari lilichelewa kusimama. Alichouliza ni kwa nini halikuelea mbali zaidi. Aligundua kwamba breki ya mkono ilikuwa inaligusa gurudumu moja la nyuma, inalikwaruza kidogo, inalila mbio zake. Alikwenda kwa fundi Asheri, ambaye gereji yake iko chini ya mti wa mkungu karibu na stendi, akamwambia aitoe yote.

"Nitairekebisha isikwaruze," fundi Asheri alisema. "Kuitoa sitoi."

"Gari langu, fundi."

"Mkono wangu. Peleka kwa mwingine."

Sele hakupeleka kwa mwingine. Aliitoa mwenyewe uani, Jumapili, wakati mama amekwenda sokoni. Nasma alimshikia spana. Mpini wa breki ulitoka, kisha waya wa chuma uliokwenda nyuma ukatoka, mrefu, mweusi kwa grisi. Sele aliufuta kwa kitambaa, akaufunga kutoka kwenye dirisha la jiko hadi kwenye nguzo ya choo.

"Mama yako kila siku analia kamba imekatika," alisema. "Sasa ana waya wa maisha. Lakini sikiliza, Msoma Chupa. Ulichokiona hapa kimeishia hapa. Siri ya gari ni siri ya nyumba. Au unataka baba yako azuie maonyesho?"

"Sitaki," Nasma alisema.

Mama aliporudi aliusifu waya. Tangu siku ile Nasma alianika juu yake sare zake za shule, kanga za mama na makanzu ya baba.

Baba yake aliitwa Uweso. Alikuwa dereva wa lori la marobota ya mkonge, akitoka mashambani kwenda bandarini, na siku nyingi hakuwepo nyumbani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wiki iliyofuata alipita nyumbani mchana kuchukua nguo safi. Lori aliliacha barabarani, na Sele alikuwa ametoka na gari lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako?"

"Yuko kwa mama Ruthi, wanasuka."

Uweso alilivuta shati lake kutoka kwenye waya, kisha akasimama. Aliupapasa waya kwa kidole gumba. Aliufuata mpaka mwisho, kwenye nguzo ya choo, akakitazama kichwa cha chuma kilichokuwa kwenye ncha yake.

"Hii imetoka wapi?"

"Mjomba aliokota gereji," Nasma alisema.

"Gereji gani?"

"Kwa fundi Asheri."

Uweso alikaa kwenye kizingiti cha jiko. Alizungumza polepole, kama mtu anayepima upepo wa tairi.

"Nimesikia mjomba wako anazima gari likiwa kwenye mwendo. Nataka ujue jambo moja, kwa sababu wewe unakaa mle ndani. Katika gari kama lile, injini ndiyo inayomsaidia dereva kukanyaga breki. Ukiizima, msaada unabaki kidogo tu. Mguu wa kwanza breki inakubali. Wa pili inakuwa ngumu. Wa tatu unakanyaga ukuta. Hapo mtu ananyoosha mkono kutafuta breki ya mkono. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Sasa nakuuliza. Ile gari ina breki ya mkono?"

Kuku alikuwa anaparura chini ya nguo zilizoanikwa. Nasma alimtazama kuku.

"Inayo, baba."

Uweso aliinuka. Nasma hakuwa mtoto wa kumdanganya, na lori lilikuwa linasubiriwa. Uweso alilikunja shati, akaondoka. Nasma alisikia lori likiwashwa, na ngurumo yake ikaenda mbali, ikaisha.

Siku chache baadaye Sele alikuja na wazo kubwa. Maonyesho ya Mabawa yalikuwa yamezoeleka. Bryson alisema watazamaji wa video zake wanapungua, wanataka kitu cha kutisha. Kitu chenyewe kilikuwa Pangani.

Nchi ya Pangani imekatwa na mto, na magari yanayotoka upande wa kusini yanavuka kwa pantoni. Ng'ambo ya kusini panaitwa Bweni, na barabara yake inashuka mlimani moja kwa moja hadi kwenye gati ya zege, ndani ya maji. Sele angeanza katika kijiji kimoja upande wa Mkwaja akiwa na chupa moja tu. Angeelea na kuwasha, kuelea na kuwasha, na tone la mwisho lingekwisha kileleni Bweni. Kisha gari lingeshuka mlima mzima bila petroli hata ya kulowesha kidole, na kusimama kwenye mstari wa chokaa mbele ya pantoni.

"Watu wataweka mikono kichwani," Bryson alisema.

"Na msoma chupa ni nani?" Sele aliuliza. "Uzito, Bryson. Siku hiyo hata kilo moja ni adui."

Aliwachukua Nasma na Consolata hadi kwa muuza mkaa, akawapandisha kwenye mizani mmoja baada ya mwingine, kama magunia. Consolata alikuwa mwepesi zaidi.

"Basi, Consolata," Sele alisema. "Nasma umekua, mjomba. Wewe utasimama chini pale gati na kanga, unionyeshe mstari."

Consolata aliruka kwa furaha. Njiani kurudi alimshika Nasma mkono.

"Umenuna, shoga?"

"Sijanuna."

"Midomo yako imefika sokoni, wewe upo hapa. Nifundishe basi. Nusu nasema nikiona wapi?"

Nasma alimfundisha. Alikuwa na wivu, na wivu ule ulimfanya asitazame kile kilichokuwa chini yake. Alijilaza kitandani jioni ile akiwa amekasirika kwamba kiti chake kimechukuliwa. Hakujiuliza ni kiti cha namna gani.

Mama na mama Ruthi waliambiwa kwamba Jumamosi watoto wanakwenda Pangani kumsalimia bibi yake Nasma, na watarudi kabla ya jua kuzama. Hilo nalo lilikuwa nusu kweli tu.

Jumamosi mawingu yalikuwa mazito na mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Sele na Consolata walitangulia na gari, wakavuka. Nasma alifuata nyuma ya Bryson kwa bodaboda. Walipofika Bweni, Bryson alichora mstari wa chokaa barabarani, hatua chache kabla ya gati. Zege lilikuwa na utelezi wa matope na majani ya mto. Kando, kwenye foleni ya kuvuka, lilisimama lori lililojaa magunia ya makumbi, yale maganda ya nazi yanayosokotwa kamba. Makuli walikaa kivulini pembeni wakinywa kahawa.

Nasma alisimama na kanga yake, akatazama juu. Kutoka pale chini mlima ulionekana tofauti na alivyouwaza. Ulionekana kama ukuta ulioegemezwa.

Kisha alitazama mtoni. Pantoni ilikuwa imeondoka ng'ambo ya Pangani, inakuja. Mbele kabisa walisimama watu wa miguu: akina mama wenye ndoo za samaki, mtu na baiskeli yake, mwanamke amebeba mtoto mgongoni. Wote walikuwa wamesogea mlangoni tayari kushuka. Wangeshukia palepale kwenye mstari wa chokaa.

"Kaka Bryson," alisema. "Mpigie mjomba simu. Mwambie asubiri pantoni ishushe."

Bryson alicheka, akatoa simu mbili mfukoni. "Simu yake ninayo mimi. Ameiacha kupunguza uzito."

Hapo ndipo yote yalipomjia Nasma kwa pamoja. Chupa tupu kileleni. Injini haiwezi kuwashwa tena, hata akitaka, kwa sababu hakuna cha kuwashia. Mguu wa kwanza unakubali. Wa pili unakuwa mgumu. Wa tatu unakanyaga ukuta. Na mkono utakapotafuta breki ya mkono, breki ya mkono iko Makorora, imeanikiwa sare ya shule.

Alidondosha kanga akakimbia. Kwenye kizuizi cha gati alikuwapo mzee mmoja wa makamo, Abrahamu, aliyepokea kamba za pantoni.

"Shikamoo," Nasma alisema, pumzi zikimkatika. "Kuna gari linakuja kutoka juu. Halina mafuta. Halitasimama."

"Marahaba. Nani kakwambia halitasimama?"

"Usimsikilize, mzee," Bryson alisema akija nyuma. "Ni shoo tu. Dereva ni mtaalamu. Huyu kanuna kwa sababu hakuchukuliwa."

Abrahamu alimtazama Nasma. "Nakuuliza wewe. Umejuaje?"

Kusema kwamba gari halisimami kulikuwa rahisi. Kusema amejuaje ndiko kulikokuwa kugumu.

"Breki ya mkono ilitolewa," alisema. "Nilimshikia spana. Baba aliniuliza nikamwambia ipo. Na ndani yumo rafiki yangu."

Abrahamu aligeuka. Alivuta pumzi akapiga mluzi mkali wa vidole, akainua mikono miwili juu na kuipishanisha. Kule mtoni pantoni ilipunguza mwendo, kisha ikabaki ikishindana na mkondo.

"Wewe na pikipiki yako," alimwambia Bryson, "panda ukamzuie."

Bryson aliitazama pantoni. Uso wake ulikuwa umebadilika. Aliwasha bodaboda akapanda mlima.

"Shusheni makumbi," Abrahamu aliwaambia makuli. "Yawekeni barabarani, pale kwenye chokaa. Yote."

"Na nani atapakia tena?" kuli mmoja aliuliza bila kusimama.

"Nitapakia mimi. Shusheni."

Kuli yule alimtazama Abrahamu usoni, akamwaga kahawa yake. Magunia yalianza kuanguka. Nasma naye aliyaburuta. Makumbi ni mepesi, lakini gunia lilikuwa kubwa kuliko yeye, na nyuzi zilimchoma mikono. Walikuwa wamepanga safu mbili, wanatupa ya tatu, mtu mmoja aliposema, "Hilo hapo."

Hawakuwa wamesikia kitu. Gari lilikuwa tayari limepita kilele na linashuka, kimya, kama linavyoshuka jiwe. Nasma alimwona Bryson akipunga mkono kando ya njia. Alimwona pia Sele akitoa mkono dirishani na kumwonyesha dole gumba, akidhani anapigwa picha.

Katikati ya mteremko pua ya gari iliinama. Huo ulikuwa mguu wa kwanza. Gari lilipungua kidogo, likachanganya tena. Kichwa cha Sele kilianza kwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, na Nasma alijua anakanyaga ukuta. Aliona bega lake la kushoto likishuka ghafla, mkono ukipapasa katikati ya viti mahali ambapo hapakuwa na kitu. Consolata alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili.

"Tokeni," Abrahamu alisema, akamvuta Nasma kwa ukosi wa gauni hadi majanini.

Gari liliingia kwenye magunia. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa mtu anayeanguka juu ya godoro, kisha bati likapasuka na kulia. Magunia yalifumuka, makumbi yakaruka hewani. Gari lilisukuma safu ya kwanza hadi ndani ya safu ya pili, likazunguka upande, likasimama gurudumu moja la mbele likiwa limening'inia juu ya maji.

Makuli waliingia majini mpaka kiunoni wakalishikilia. Sele alitoka mwenyewe, paji la uso likivuja damu. Consolata walimtoa kwa dirisha. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki, na mdomo wake ulikuwa umepasuka. Hakulia. Alimtazama Nasma.

"Nilisoma vizuri," alisema. "Nilimwambia tupu. Akafurahi."

Pale ndipo Nasma alipolia.

Alasiri hiyo, baada ya kupigiwa simu, Uweso alifika hospitali ya Pangani na lori lake, mama Ruthi na mama Nasma wakiwa wamekaa naye mbele. Consolata alikuwa ameshafungwa plasta. Mama Ruthi alimpapasa mwanawe kichwani, miguuni, kila mahali, kama anayehesabu. Kisha alimgeukia Nasma aliyekuwa amesimama ukutani.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu waya ulipofungwa uani."

Mama Ruthi hakumpiga wala hakupaza sauti. "Nguo za mwanangu zimewahi kukauka juu ya waya ule," alisema, kisha akageuka. Nasma angependa zaidi kupigwa.

Sele alikaa nje kwenye benchi, kichwa kimefungwa bandeji. Uweso alikwenda akasimama mbele yake.

"Shemeji," Sele alianza, "nilitaka tu kuwaonyesha watu..."

"Uliwaonyesha," Uweso alisema. "Mimi nabana mafuta tangu hujaacha kunyonya. Sikanyagi kwa hasira. Nikiona kituo mbali naachia mguu mapema. Napima upepo wa matairi kila asubuhi, sibebi nisichotumwa. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi, na sijawahi kumvunja mtoto mkono. Ile yako haikuwa kubana mafuta. Ulikuwa unatoa vitu vinavyolinda watu na kuviita uzito."

Sele aliinamisha kichwa.

Uweso alimvuta Nasma kando. "Na mimi nina langu," alisema. "Niliuona waya ule nikaujua ni wa nini. Nilikuuliza wewe kwa sababu sikutaka ugomvi na shemeji yangu. Nilipaswa kumsubiri yeye. Lakini wewe, uliponiambia ipo, ulifikiri unamlinda nani?"

"Mjomba. Na jina langu."

"Uliwalinda?"

Nasma alitikisa kichwa.

"Yule mzee wa pantoni ameniambia kwa simu ulivyomweleza yote, hata lako. Kama ungemwambia nusu tu, pengine asingeshusha magunia. Kweli ikichelewa inaokoa, lakini inaokoa kwa hasara. Mkono wa Consolata ndiyo hasara yake. Siku nyingine iseme mapema, ikiwa bado ni rahisi."

Sele alirudi Bweni siku ya pili, akashinda huko kutwa nzima, akipakia magunia ya makumbi pamoja na Abrahamu. Gari liliburutwa hadi kwa fundi Asheri, na Sele ndiye aliyelala chini yake kurudisha kila kitu alichokitoa, fundi akisimama juu na kumwelekeza. Miezi ile yote mkono wa Consolata ulipokuwa kwenye plasta, Sele alimchotea mama Ruthi maji kila asubuhi, na mama Ruthi alimwonyesha ndoo kwa kidole tu, bila salamu. Ijumaa ya kwanza alikwenda uwanja wa Mabawa, watu wakajaa, akawaambia kilichotokea bila kupunguza wala kuongeza. Bryson alikuwepo. Simu aliiacha mfukoni.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya Jumamosi walirudi Makorora kwa lori, Consolata amelala mapajani mwa mama yake, Nasma katikati. Njiani kulikuwa na miteremko. Kila walipofika kilele, Uweso aliingiza gia ndogo, na injini ikanguruma mteremko mzima hadi chini, kwa sauti nzito isiyokatika. Nasma aliisikiliza njia nzima. Watoto waliokuwa wakicheza kando ya barabara waliisikia pia, wakapisha.

Walipofika nyumbani hakuingia ndani kwanza. Alikwenda uani, akazikusanya nguo zilizokuwa zimekauka, akaufungua waya kwenye nguzo ya choo, kisha kwenye dirisha la jiko. Aliukunja, akampelekea baba yake aliyekuwa bado amesimama mlangoni.

"Huu hapa, baba," alisema. "Ni wa breki."